Kutu iliyofuata mbao: uchambuzi wa bunduki ya skiti ya mwaka 1968 jijini Mwanza

Swali nililoletewa lilikuwa la bei, wala hakuna aliyetaja kutu. Mzee mmoja wa Isamilo alifariki na kuacha bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Mnunuzi mwenye leseni alijitokeza na kutaja bei nzuri, halafu akaishusha karibu hadi nusu baada ya fundi aliyekuja naye kusema kwamba mtutu wa pili haulii. Binti mkubwa wa marehemu ndiye msimamizi wa mirathi, naye ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Akanipigia simu. "Shikamoo mzee. Mimi sijui bunduki, ila najua mtu anapotaka kunibana bei. Niambie kama kweli ni mbovu."

Silaha yenyewe ilikuwa imeshakabidhiwa polisi, kama inavyopaswa mwenye leseni anapofariki. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu na hairithiwi pamoja na kabati. Kwa hiyo kazi yote niliifanya kituoni, kwenye meza ya mbao, askari wa ghala la silaha akiwa amekaa pembeni. Nalitaja hili kwa sababu kila mara napata mtu anayetaka nikakague bunduki ya marehemu sebuleni kwake. Siendi.

Hatua ya kwanza haina ujuzi wowote: fungua, tazama vyumba vyote viwili vya risasi, pitisha kidole. Tupu. Baada ya hapo nikaanza kusoma chuma.

Ilikuwa Browning Superposed, kaliba ya 12. Hii ndiyo bunduki ya mwisho kubuniwa na John Browning. Alifariki mwaka 1926 akiwa kwenye kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, kazi ikamaliziwa na mwanawe Val, na bunduki ikaingia sokoni mwaka 1931. Alama za majaribio za Liège, zinazogongwa baada ya mitutu kupimwa kwa mlipuko mkali, zilikuwepo zote, ikiwemo ile ya herufi ELG ndani ya umbo la yai. Nambari ya mwili, yaani sehemu ya katikati inayoshika mitutu na kifyatulio, ilimalizikia na S8. Kwa bunduki hizi, S ni kaliba ya 12 na 8 ni mwaka 1968. Nambari ya mitutu ililingana na ya mwili, kwa hiyo haikuwa bunduki iliyounganishwa kutokana na mbili zilizokufa.

Kando ya mitutu, karibu na vyumba, kulikuwa na nyota mbili zikifuatwa na alama inayofanana na ile ya dola. Kiwanda cha FN hakikuandika ubano wa mtutu, yaani kiasi mdomo wake ulivyofinywa, kwa maneno, kiliuandika kwa nyota. Nyota moja ni ubano mkali kabisa, nyota tatu ni mtutu usiobanwa, na nyota mbili zenye alama ya dola ni skiti. Mitutu yote miwili ilikuwa na alama hiyohiyo. Nikapima kwa kalipa ya ndani: milimita 18.4 katikati ya mtutu, milimita 18.3 mdomoni. Tofauti ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ndivyo ubano wa skiti ulivyo. Hakuna aliyeupanua wala kuukata mdomo.

Hapa inabidi nieleze skiti ni nini, kwa sababu ndiyo inayoamua bunduki hii inamfaa nani. Ni mchezo wa kulenga visahani vinavyorushwa angani kutoka vibanda viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, mpigaji akihama kutoka kituo kimoja hadi kingine kwenye nusu duara. Ulianza Andover, Massachusetts, miaka ya 1920, wawindaji wakitafuta namna ya kujizoeza kupiga ndege msimu ukiwa umefungwa. Kwenye Olimpiki uliingia Mexico mwaka 1968, mwaka uleule bunduki hii ilipotengenezwa. Visahani hupigwa vikiwa umbali wa mita 20 hivi, basi mtutu wa skiti umetengenezwa utawanye marisawa, vile vidonge vidogo vya ndani ya katriji, mapema, upana mkubwa kwa umbali mfupi. Ukimpiga nayo kanga aliyeshaondoka mita 35, utamjeruhi tu aende kufia porini, au utatoboa hewa. Hiyo si kasoro ya bunduki. Nimewasikia wawindaji wa huku Kanda ya Ziwa wakilalamika kwamba bunduki fulani "haina nguvu", na ukiitazama unakuta ina ubano wa skiti. Mnunuzi wetu alikuwa mwindaji wa kanga na kwale. Hilo peke yake lingetosha kumfanya afikiri mara mbili, lakini yeye hakuligusa kabisa.

Aliligusa la mtutu wa pili. Nikaweka katriji bandia mbili, nikafunga, nikavuta kifyatulio. Mtutu wa chini ukagonga. Nikavuta tena, kimya. Askari akanitazama kama mtu aliyeshapata jibu.

Ila Superposed hii ina kifyatulio kimoja kwa mitutu miwili, na kinachokihamisha kutoka mtutu wa kwanza kwenda wa pili ni teke la bunduki yenyewe. Ndani kuna kipande cha chuma kinachosogezwa na mshtuko wa risasi ya kwanza. Bila risasi hakuna teke, bila teke hakuna kuhama. Nikapiga kitako kwenye kiganja changu, pap, nikavuta: mtutu wa juu ukagonga vizuri kabisa. Nikarudia kwa kuanza na wa juu, kwa kusukuma kitufe cha usalama upande wa pili, na matokeo yakawa yale yale. Kwa hiyo kasoro iliyoshusha bei ilikuwa bunduki nzima ikifanya kazi yake. Kama fundi yule hakujua au alijua akanyamaza, mimi simjui na sitamsemea. Mwalimu alipoelezwa alicheka kwa hasira.

Vitema maganda navyo vilikuwa sawa. Upande uliogongwa uliruka, upande usiogongwa uliinuka tu kidogo, kama inavyotakiwa. Wenzo wa kufungulia, ukiwa umefunga, ulikaa kidogo upande wa kulia wa mstari wa katikati. Kwenye bunduki ya namna hii wenzo huanza maisha yake kulia, na kadiri kufuli linavyolika unasogea katikati, halafu kushoto. Huu ulikuwa na miaka mingi mbele. Nikalegeza ubao wa mbele, nikashika mitutu, nikaitikisa dhidi ya mwili kwa nguvu kidogo nikisikiliza, sikupata mchezo wowote. Karatasi nyembamba niliyoibana kati ya mitutu na uso wa mwili haikuvutika. Ndani ya mitutu, ukitazama dirishani, vivuli vya duara vilinyooka hadi mwisho bila kupinda. Kivuli kikipinda, kuna mbonyeo au mvimbo. Hapakuwa na vishimo vya kutu ndani, hata kwenye koo la chumba ambapo huanzia mara nyingi. Ukuta mwembamba kuliko yote niliopima ulikuwa na milimita 0.9, afya nzuri.

Kwa nje, rangi ya chuma ilikuwa imefifia pale mkono unapobebea, pembe bado kali, maandishi hayajasuguliwa. Hakuna aliyeipaka upya. Marehemu alikuwa mtu wa kitambaa na mafuta. Binti alisema kila Jumapili baada ya misa baba yake aliitoa, akaifuta, akairudisha kwenye mkoba wake wa ngozi. Aliipata kwa hati halali kutoka kwa bosi wake wa kiwanda cha kuchambulia pamba, ambaye aliondoka nchini mapema miaka ya 1970, na tangu hapo haikulala uchafu hata mara moja.

Hadi hapo ningeandika ripoti ya sifa tupu. Mkaguzi wa haraka angefunga daftari.

Kilichonizuia ni mwaka. Kuanzia mwaka 1966 hivi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, bunduki za Browning zilizotoka Ubelgiji zilitengenezwa kwa wingi kiasi kwamba mbao za mjozi (walnut) za vitako hazikutosha kwa ukaushaji wa polepole. Sehemu ya mbao hizo ikakaushwa kwa kuzikwa kwenye chumvi, ili chumvi inyonye maji upesi. Maji yakatoka, na chumvi ikaingia. Kisha mbao hizo zikachongwa, zikapakwa rangi, zikafungwa kwenye chuma. Si kila bunduki ya miaka hiyo inayo, ila kila moja ya miaka hiyo inastahili kushukiwa. Na chumvi ndani ya mbao haikai kimya. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuvuta maji mpaka inalowa, kama ile ya kwenye kopo la jikoni inavyogeuka tope masika. Asubuhi za masika za Mwanza hupita kiwango hicho bila shida.

Nikaanza na bamba la kisogoni mwa kitako. Skrubu zake mbili ziligoma, kisha zikatoka na sauti ya kukwaruza. Vichwa vilikuwa safi, ving'aavyo. Miili yake, ile sehemu iliyokuwa imezama ndani ya mbao, ilikuwa ya rangi ya chungwa, na mizunguko yake imeliwa mpaka mmoja umebaki kama uzi. Mwalimu akauliza, "Si hewa ya ziwa hiyo? Hapa Capri Point mageti yote yanaoza."

Swali la haki, na karibu kila mtu wa Mwanza angeliuliza. Lakini Ziwa Victoria ni la maji baridi, si bahari. Upepo wake huleta unyevu, hauleti chumvi kama ule wa Tanga au Dar es Salaam. Na kama unyevu peke yake ndio ungekuwa mhalifu, ungeanzia pale chuma kinapokutana na hewa: kwenye mdomo wa mtutu, kwenye ubapa ulio juu ya mitutu, kwenye pembe za mwili. Hapo palikuwa safi. Kutu ilikuwa upande wa pili, gizani, pale mafuta ya Jumapili yasipofika.

Ubao wa mbele ndio ulionipa kazi. Superposed ina tabia yake: ukiitoa mitutu, ubao wa mbele unasogea tu mbele kidogo na kubaki umeshikana na mitutu, hautoki kama kwenye bunduki nyingine. Ndiyo maana mmiliki anaweza kuitunza miaka 50 bila kuona chini yake. Nikatafuta bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu kabisa, nikaisaga kidogo ikae, nikaweka mafuta ya kupenya nikaondoka. Kesho yake zikalegea bila kuharibika vichwa. Nasisitiza vichwa kwa sababu mnunuzi wa baadaye ataviangalia kwanza, na mfereji uliochanwa humwambia kwamba mtu mwenye haraka alipita hapa.

Chini ya ubao ule mtutu wa chini ulikuwa na ramani. Kila mahali mbao ilipogusa chuma palikuwa na kutu nyekundu yenye vishimo. Kila mahali mbao ilipoachwa na nafasi ya nywele palikuwa na rangi ya awali ya kiwandani, bluu nyeusi, kama ya jana. Mpaka kati ya viwili ulikuwa mkali, ungeweza kuufuata kwa kalamu. Nikafungua kitako nacho. Ulimi wa chuma unaoingia kwenye mbao nyuma ya wenzo ulikuwa vilevile: juu safi, chini umeliwa. Springi na nyundo za ndani, ambazo hazigusi mbao, zilikuwa na ukungu mwepesi tu.

Mwalimu alikumbuka kwamba baba yake alikuwa akipanda mtumbwi kwenda kuwinda bata upande wa Ukerewe. Je, haikuwahi kuanguka majini? Ingekuwa imeanguka, maji yangeingia kote, mitutu ingeonyesha na springi zingeonyesha. Jasho la mkono je? Jasho lina chumvi, ndiyo, ila jasho hukaa nje na kwenye kingo, pale kiganja kinapopita, haliwezi kupenya kwenye skrubu iliyozibwa na bamba. Ramani ile ilikuwa na mchoraji mmoja tu.

Lakini kushuku si kuthibitisha, na hapa mteja wangu akawa na faida kuliko mimi. Nilipomwambia kipimo kinachotumika kwa mbao hizi ni silva naitreti, alinikatiza: "Tunayo maabara. Kidato cha nne wanaitumia kupima kloraidi." Akaja na chupa ya kahawia, kitone cha kioo na maji yaliyosafishwa. Kanuni aliiweka yeye, nami nikaipenda: tusipime sehemu iliyoguswa na mikono, tusipime juu ya rangi, na tuwe na mbao ya kulinganishia. Nikakwangua mahali padogo ndani ya kitako chini ya bamba, na pengine ndani ya ubao wa mbele. Za kulinganishia zikawa kipande cha mninga kutoka kwa seremala wa Mabatini na kitako cha mjozi cha bunduki nyingine kuukuu nilichokuwa nacho bila bunduki yake.

Kwenye mninga na kwenye kile kitako cha zamani tone lilikaa likiwa angavu, kisha likaanza kuwa na rangi hafifu kwa mwanga. Kwenye mbao za Superposed, kote kuwili, tone liligeuka jeupe kama maziwa palepale. Weupe huo ni kloraidi ya fedha: chumvi imekutana na fedha. Askari aliyekuwa anachezea simu akasogea kuangalia, akagusa, na ncha ya kidole chake ikawa nyeusi kwa siku kadhaa. Dawa hiyo hufanya hivyo. Tulimwonya.

Baada ya hapo palibaki kupima madhara. Kishimo kirefu kuliko vyote kwenye mtutu, chini ya ubao wa mbele, kilikuwa na kina cha milimita 0.2, mahali ambapo ukuta una unene wa karibu milimita 2. Kwenye ulimi wa nyuma vishimo vilifika milimita 0.4, ila ulimi haubebi mlipuko wa baruti. Kwa maoni yangu, usalama wa mitutu haujaguswa bado. Neno la kuzingatia ni bado, kwa sababu kutu ile haikuwa imesimama. Ilikuwa na chakula chake ndani ya mbao.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea njia. Mtu huona kutu, huisugua, hupaka mafuta, hurudisha mbao ileile, na masika yanayofuata kila kitu huanza upya. Wengine huipaka mbao gundi ya plastiki kwa ndani wakidhani wameifungia chumvi. Chumvi imekaa ndani kabisa ya nyuzi za mti, na skrubu ya kwanza inayopenya plastiki inaifungulia mlango. Kuosha mbao kwa maji hupasua kitako kabla chumvi haijaisha. Ninachokubali ni kubadilisha mbao zote mbili, kitako na ubao wa mbele, kisha kusafisha chuma kwa sufi laini ya chuma na mafuta, kwa mkono, bila mashine ya kusaga. Vishimo vibaki vilivyo. Kuvijaza kwa kuchomelea kwenye mtutu ni wazimu, na kuipaka rangi upya kwa kuichemsha kwenye dawa kali, kama wafanyavyo kwa bunduki za mtutu mmoja, kunaweza kula solda laini iliyounganisha mitutu na ubapa wake.

Mbao mpya iwe ipi? Mjozi uliokaushwa kwa hewa ni bora kwa thamani, ila kuuleta hapa ni safari na gharama. Mninga unapatikana na una sifa adimu: ukikauka vizuri haubadiliki sana, iwe kiangazi au masika. Mpingo nimewahi kuona mtu akiupendekeza kwa sababu ya urembo. Ni mzito mno, bunduki ya skiti inatakiwa iyumbe kwa wepesi ikifuata kisahani.

Kwenye ripoti niliandika mambo matatu na kuyatia sahihi. Kwanza, kifyatulio hakina kasoro, na bei iliyoshushwa kwa sababu hiyo haina msingi. Pili, bunduki ina mbao za chumvi, zimethibitika, na muuzaji anatakiwa amwambie mnunuzi yeyote. Wakusanyaji wa bunduki hizi huikimbia yenye chumvi au huikata bei sana, na wana haki. Tatu, isipigwe wala isiunganishwe tena na mbao zake za sasa.

Mwalimu aliisoma ya pili mara mbili. "Kwa hiyo yule mnunuzi alitaja bei inayokaribia ukweli, kwa sababu isiyo ya kweli."

Nilimjibu kwamba ndivyo, na kwamba angeweza kunyamaza akauza kwa bei ya kwanza. Hakunyamaza. Alimpigia mnunuzi, akamsomea ripoti nzima, pamoja na lile la kanga wa mita 35. Mnunuzi akaaga kwa heshima, akasema anatafuta yenye ubano mkali zaidi. Familia ikaamua mdogo wake wa kiume aombe leseni yake mwenyewe. Mitutu na mwili viko ghalani kituoni, vimepakwa mafuta, bila mbao. Kitako cha zamani na ubao wake vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki peke yao, vikiwa na nambari ya bunduki, kwa kuwa mnunuzi wa miaka ijayo atataka kuona cha asili hata kama hawezi kukitumia. Seremala wa Mabatini ameshapewa kipande cha mninga kilichokaa kivulini muda mrefu. Nimemwambia asianze kuchonga mpaka leseni itoke, kwa sababu kitako hupimwa kwenye bunduki, na bunduki haitoki pale kituoni.